Chumvi Chini ya Boneti

Gari nililizima kwa mkono wangu mwenyewe. Mama aliomba tusimame Zinga, kichefuchefu kilikuwa kimemzidi, nami kwa kubana mafuta nikazima injini. Aliporudi kiti cha nyuma, nikageuza ufunguo. Tak. Basi. Nikajaribu tena na tena, ikawa tak ile ile. Taa za dashibodi ziliwaka zote na honi ililia, lakini injini haikuguna.

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Saa tatu mama alitakiwa awe Dar es Salaam, kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kuwa figo zake hazikuwa zikifanya kazi tena. Anayechelewa, kitanda hupewa mwingine. Zamu iliyopita alikuwa ameikosa kwa sababu ya homa, na sasa miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazikumwingia. Alipumua kwa kifupikifupi, mdomo wazi. Niliogopa kumtazama kwenye kioo.

Kwetu gari bovu halikosi waganga. Wanaume wanne walitoka kwenye kibanda cha chai, wakashika nyuma tayari kusukuma, mpaka nikawapigia kelele kwamba ni la otomatiki, hata walisukume hadi Kerege haliwaki. Mmoja akaapa kwamba betri ni nzima, mbona taa zinawaka? Mzee mwenye kofia ya kufuma akachungulia ndani, akamwona mama, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, hili si la fundi. Hili ni jicho la hasidi. Soma Ayatul Kursi kabla hujaligusa."

Nilikuwa nimekwisha kuisoma mara tatu. Sikumwambia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuingiwa na hofu.

Fundi umeme wa magari aliletwa na bodaboda. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu hadi kuudhi. Kwanza alimwamkia mama, "Shikamoo mama, pole na maradhi," akangoja marahaba yake kana kwamba tuna siku nzima. Kisha akaniambia niwashe taa kubwa, nigeuze ufunguo, nitazame mwanga kwenye ukuta wa duka. Nikageuza. Mwanga ukafifia mpaka ukawa kama koroboi iliyoishiwa mafuta, nilipoachia ukarudi.

"Taa zinakula kidogo, dada," akasema. "Stata ya kuwashia injini ni mlafi. Umeme upo, ila kuna mahali njia imeziba."

Akafuata waya mweusi wa betri kwa vidole hadi pale unapofungwa kwenye bodi, akautoa mkono upesi. Akataka nami niguse. Bolti ilikuwa ya moto. Akaifungua kwa spana, na chini yake kulikuwa na ungaunga mweupe uliochanganyika na ukijani, umekula chuma.

"Hii chumvi. Gari hili mnaliosha baharini?"

"Baharini? Naliosha kwa maji ya bomba!"

"Mimi," mama akasema kutoka nyuma.

Akaeleza kwamba kila Ijumaa, nikiwa nimelala mchana, alichukua chumvi ya mawe, akaisomea, akaikoroga ndani ya maji na kuyamwaga chini ya boneti. Kuifungua alijifunza kwa kunitazama. Alikuwa akilikinga gari. Mimi nina hasira za karibu, nami nilizimwaga zote pale barabarani, mbele ya wanaume wale.

"Kinga gani hii, mama? Hii ndiyo itakayokuua!"

Wanaume wakainamisha macho. Fundi akasugua bolti na bodi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Gari likawaka kwa mguso mmoja.

Tulifika tumechelewa. Kitanda cha mama kilikuwa na mtu. Tulikaa kwenye benchi hadi mchana, ndipo tukaitwa, kwa kuwa mgonjwa mmoja wa zamu iliyofuata hakutokea. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakutokea. Mama akapata saa mbili badala ya nne.

Wakati wa kurudi nilimwomba radhi. Nilimwambia nilipandwa na hasira kwa sababu ya woga, na kwamba kama alihofia gari kuharibika angeniambia tu, tungelipeleka kwa fundi.

"Sikuhofia gari kuharibika," akasema. Akavuta pumzi. "Umeshasinzia mara mbili katika safari zetu hizi, mwanangu. Unaendesha na macho yamefumba. Mara ya pili tulikwishatoka barabarani, nikakohoa kwa nguvu ukaamka. Nikaona haya kukwambia. Nani anayekuamsha saa tisa usiku mara tatu kwa wiki, kama si mimi? Nikaona bora nimwambie Mungu."

Nilikumbuka kikohozi kile. Nilidhani ni maradhi yake.

Nikashusha kioo, upepo ukanipiga usoni. Keshokutwa alfajiri tulikuwa na safari nyingine, na nyumbani kwetu hakuna mwingine anayejua kuendesha.