Jasho Lisilotiririka

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwamuzi Mkuu alinipa taulo jeupe akaniambia, "Mzee, wewe kazi yako ni kunusa watu." Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimechezesha ndondi Nakuru miaka mingi, na sasa, mwaka wa 2007, napewa taulo kama mtu wa kinyozi. Lakini hakuwa na utani, na kazi yenyewe ilinifaa, kwa sababu mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Hata chai ya mke wangu huwa naichungulia kwanza.

Mchezo ulikuwa mgeni kwetu: ngumi, mateke na mieleka pamoja. Mwamuzi Mkuu, aliyejifunzia ng'ambo, alitueleza kwamba mizizi yake iko Brazili, ambako mabingwa wa mitindo mbalimbali waliitana wapigane ili ijulikane mtindo wa nani ni bora. Wamarekani wakauchukua, wakauweka ndani ya uzio wa waya, karibu bila sheria yoyote, hadi wakubwa wao wakaja juu. Ndipo zikatungwa sheria tulizozifuata sisi: kila mtu na wa uzito wake, glavu ndogo zinazoacha vidole wazi ili mtu aweze kushika, raundi tatu za dakika tano tano. Hakuna kuuma, kudunga macho, kupiga kisogo wala sehemu za siri. Na ile hesabu ya hadi kumi ya ndondi hakuna. Ukianguka, mwenzako anakufuata huko huko chini. Ukikabwa au mkono ukipindwa, unampigapiga kwa kiganja kuonyesha umekubali, na mwamuzi anasimamisha papo hapo.

Kwa hivyo mafuta ni hatia, maana mwili unaoteleza haushikiki. Lakini nani hapa kwetu hutoka nyumbani bila kujipaka mafuta? Mtoto akienda kanisani miguu imepauka, anayeaibika ni mamake. Basi wapiganaji walikuja wakimeremeta, nami nikawarudisha bafuni mmoja mmoja. Sikuwa na rafiki pale.

Mwaka uliofuata, zile fujo za baada ya uchaguzi, watu walipokatana mapanga kikabila, zilipotulia, Meneja wa ukumbi alifungua milango tena. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vipuri mjini. Watu walikuja, ila waliketi kwa pande: wa mji wa Elburgon kushoto, wa mtaa wa Free Area kulia, kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake kabla ya uso. Mpiganaji wa Elburgon, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, aliitwa Msumeno. Wa Free Area aliitwa Baridi. Mimi naishi Free Area, kwa hivyo shida yangu mnaiona.

"Mzee," Meneja aliniambia kando, "leo kitu kidogo tu kikienda mrama, hivi viti vyote vitaruka. Chunga sana."

Msumeno alifika aking'aa. Nilimnusa nikapata jeli ya kukamulia, ile wafugaji hupaka chuchu za ng'ombe. Nikamwambia aende akaoge. Kocha wake, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, akapaza sauti ukumbi mzima usikie: "Huyu si ni wa Free Area? Wetu anaoshwa, na wao je?"

Nikampangusa Baridi mbele yao. Taulo likatoka safi, ngozi yake imepauka kama ukuta. Nilimpitisha, ingawa moyo haukutulia. Kijana wa mjini apauke hivyo siku ambayo watu wote wanamtazama?

Raundi ya kwanza Msumeno aliupata mkono wa Baridi, akaukumbatia kifuani na kujilaza nyuma ili akinyooshe kiwiko. Mkono ukachomoka. Raundi ya pili ukachomoka tena, na Baridi akamgeukia kwa ngumi hadi jicho moja la Msumeno likafumba. Upande wa kushoto wakaanza kusimama. Mimi nilikuwa nikiangalia jasho la Baridi. Jasho la mtu mkavu hutiririka. Lake lilisimama vitone vitone mabegani, kama umande kwenye jani la sukuma wiki. Alikuwa amepakwa mapema, ngozi ikanywa, kisha akapanguswa juu juu. Joto lilipopanda, mafuta yakarudi.

Niliogopa, nawaambia ukweli. Nikinyamaza, Msumeno angepoteza jicho. Nikisema, ningelala wapi? Waliokuwa wakimshangilia Baridi ndio majirani zangu.

Wakati wa mapumziko niliingia ndani ya uzio na taulo langu.

"Buda, unafanya nini?" mtu wa kona ya Baridi akanong'ona. "Si wewe ni wetu?"

Nikampangusa bega. Mwamuzi Mkuu akauliza, "Una uhakika?"

"Nusa mwenyewe."

Akanusa. Ilikuwa jeli ile ile ya ng'ombe. Angeweza kumfukuza Baridi kabisa, lakini aliviangalia viti, akamkata alama na kuamuru apanguswe mwili mzima watu wakiona. Nikampangusa na Msumeno pia. Kushoto wakanung'unika, hadi nilipoliinua taulo likiwa safi, wakaketi.

Raundi ya tatu, Msumeno, kwa jicho moja, aliupata mkono ule ule. Safari hii haukuchomoka. Baridi akapiga kiganja na mwamuzi akawatenganisha. Hakuna kiti kilichoruka.

Mtaani walininyima salamu kwa muda mrefu, na iliniuma. Nilipostaafu, wakubwa walisoma hotuba kunisifu, wakanipa na saa ya ukutani. Sikuamini hata neno moja; walisema hivyo hivyo juu ya aliyenitangulia, na yule alikuwa mlevi. Sifa ninayoiamini nilipewa siku ile, mlangoni, watu wakitoka. Yule kocha wa Elburgon alinijia bila kutabasamu. Nilimnyooshea mkono. Akaushika, akauinua hadi puani, akanusa kiganja, akaugeuza, akanusa na vidole.

"Uko safi," akasema, ndipo akanisalimia.