Babu, Mbuzi ya Nazi na Nyani Mwenye Koti

Ningependa kuanza kwa kusema kwamba mdahalo ule tulishinda. Hatukushinda, lakini nimejaribu kuanza na ukweli na kila mara masikio yanapata moto, basi acha nijikokote.

Sisi ni Wagiriama Wakristo wa Kisauni. Babu yangu, mzaa baba, ndiye mpiga kengele wa kanisa letu, na nyuma ya nyumba yake anafuga kuchi, wale majogoo warefu wa kupigana, ingawa padre anajifanya hajui. Kwetu mjukuu na babu ni watani. Bibi ni mke wetu sote wawili, kwa hiyo babu ni mume mwenzangu, na mume mwenza hapewi heshima, anapewa maneno.

Nikiingia uani humwambia, "Wewe nyani mzee, bado hujafa uniachie mke wangu?"

Naye bila kuinua kichwa hujibu, "Nife nimwachie nani? Kima asiyejua hata kunawa?"

Bibi hucheka akishika ubavu. Halafu ndipo nasema, "Shikamoo babu," naye, "Marahaba." Tusi kwanza, shikamoo baadaye. Hivyo ndivyo nilivyokua. Baba yangu nisingethubutu kumwambia hata robo ya hayo. Baba ni baba.

Mwaka huu shuleni alikuja mwalimu wa sayansi, kijana wa bara, mpole, shati limechomekwa hata siku za joto. Siku moja alitufundisha kwamba viumbe havikuwa hivi tangu mwanzo, vilibadilika polepole kwa muda ambao vichwa vyetu haviwezi kuubeba, na kwamba binadamu naye yumo katika hesabu hiyo. Habari ilitoka darasani ikakimbia kuliko sisi. Kufika Jumapili, kina mama walikuwa wakisema shule inafundisha kwamba Adamu alikuwa na mkia. Padre, ambaye hapendi kelele, akaamua paitishwe mdahalo Jumamosi mchana, kwa Kiswahili, wazazi waje wasikie wenyewe. Upande mmoja mwalimu na mwanafunzi mmoja, upande wa pili mtu watakayemchagua wazee wa kanisa.

Wazee wakamchagua babu. Mwalimu akanichagua mimi, akasema sina woga. Aliona mdomo akadhani ni moyo.

Wallahi sikuona ubaya kusimama kinyume na babu. (Naapa kama majirani zetu Waislamu, bibi ashachoka kunikanya.) Kwangu ilikuwa kama uani, ila watu wengi zaidi. Wiki nzima tulichokozana.

"Jumamosi nitakuvua koti waone mkia," nilimwambia.

"Uje na wako," akasema, "tuufunge kengele, nipumzike kupanda ngazi."

Na nilikuwa na hoja, tena nzuri. Ilihusu kuchi wake. Kila mwaka babu huchagua jogoo mwenye miguu mirefu kuliko wote ndiye apande mitetea, na kuku wale ambao nikiwa mdogo walinifika kiunoni sasa wana miguu kama ya korongo. Kama mzee mmoja amewageuza kuku hivyo katika umri wangu mimi, je, dunia nzima kwa muda usiohesabika? Mwalimu aliipenda mno. Akaniambia, "Sema hiyo tu, halafu kaa."

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mbele alikaa padre, na kando yake mkaguzi wa shule, Mzungu, aliyekuja kwa shughuli zake akabakizwa kama mgeni wa heshima. Babu akaingia na koti lake la Pasaka, kwapani amebeba mbuzi ya kukunia nazi, aliyomchongea bibi kwa mikono yake. Watu wakacheka kumwona mwanamume na chombo cha jikoni. Akaikunjua juu ya meza, akangoja kicheko kiishe.

"Nauliza. Nani hapa amewahi kukuta mbuzi ya nazi imeota msituni?"

Akaigeuza tuione miguu.

"Mguu huu umepishana na huu ili ikunjike. Chuma kina meno, na meno yako mbele, kwa sababu aliyekifua alijua mikono itakuja na nazi kutoka wapi. Sasa mkono wenyewe, unaoizungusha nazi, nyinyi mnasema haukufikiriwa na yeyote? Mbuzi ina fundi, mkono hauna?"

Vigelegele. Mwalimu akasimama.

"Mzee wangu, mbuzi yako naiheshimu. Lakini hata hiyo ina wazazi. Kabla yake huenda watu walikuna kwa gamba la chaza. Wakaja wakalifunga kwenye kijiti, chuma kikaja baadaye. Vitu hubadilika kidogo kidogo."

"Vilibadilika vyenyewe, mwalimu, au palikuwa na mtu? Maana hii nalala nayo nyumba moja, na haijaota hata jino."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, akasema hilo ni swali zuri na wenye elimu kubwa kuliko yake bado wanalizungumza. Lilikuwa jibu la kweli, lakini mbele ya watu wanaocheka lilisikika kama kushindwa.

Zamu yangu. Kuchi walikuwa tayari ulimini. Lakini kicheko chote kilikuwa kimekwenda kwa babu, na mimi kicheko kikiwa kwa mtu mwingine nawashwa. Nikaona hoja ya kuku ni ndefu.

"Jamani," nikasema, "mwalimu anajisumbua kutafuta ushahidi mbali. Mtazameni babu yangu. Tazameni paji hilo. Tazameni mikono inavyotaka kugusa magoti. Nyani si huyo hapo, amevaa koti?"

Uani ningejibiwa kabla sijafunga mdomo. Nikangoja. Watu wakatazama chini. Kisha mtu mmoja akacheka, naye alikuwa mkaguzi. Akajipiga paja, akasema kwa Kiswahili chake, "Mzuri sana. Nyani na koti." Akarudia. Wavulana wa nyuma, kwa kuwa mkubwa amecheka, wakacheka nao.

Babu hakunitazama mimi. Alimtazama yule Mzungu, muda mrefu, kama mtu anayekumbuka sura. Kisha akatoka. Mbuzi ikabaki mezani.

Tukipanga mabenchi mwalimu aliniambia neno moja tu: "Ulikuwa na kitu cha kusema."

Nyumbani nilimkuta bibi peke yake. Hakuniita mume wangu.

"Wewe ulidhani lile neno babu yako alilitoa wapi?" akaniuliza. "Alipokuwa kibarua kwenye mkonge, msimamizi wake Mzungu alimwita hivyo toka asubuhi mpaka jua linatua. Alikuwa akirudi hapati usingizi. Ulipoanza kusema, akalichukua akakupa wewe ulichezee, mkawa mnatupiana. Akaniambia likitoka kinywani mwa mtoto halimchomi tena. Leo umelichukua umewarudishia."

Nilitamani anizabe kofi.

Kesho yake nilimkuta babu akiwamwagia kuchi mahindi. Sikuthubutu kutukana. Nikasema shikamoo kavu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mwanangu. Babu hajawahi kuniita hivyo. Mwana hataniwi.

Tatizo langu likawa hili. Mtani haombwi radhi. Ukimwambia mtani samahani, umekiri kwamba halikuwa utani. Na nisipoomba, basi nimesimama pamoja na mkaguzi. Siku kadhaa nilizunguka na jambo hilo, huku wenzangu shuleni wakiniita mjukuu wa nyani, jina ambalo nilijipa mwenyewe mbele ya ukumbi mzima kwa kukosa hesabu ndogo tu. Na bibi alikuwa anaazima mbuzi kwa jirani, maana hakuna aliyetaka kwenda kuichukua ile yetu.

Mwisho nikaenda kuichukua, nikaibeba kichwani njia nzima mpaka kwa babu, waliotaka kucheka wakacheka. Nikaiweka mbele yake.

"Nisamehe, babu."

Akaipapasa miguu kuona kama imelegea. "Nimekusamehe, mwanangu," akasema, na nikajua amesamehe kweli, kwa upole, kama anavyosamehe watoto wa watu wanaomwibia mapera.

Bibi alikuwa na nazi. Nikakaa juu ya mbuzi, mvulana mzima wa shule, nikaanza kukuna. Nimekaa vibaya, magoti juu, mikono mirefu inaning'inia, kima hasa. Nilimwona babu ananitazama toka kichwani mpaka miguuni. Mdomo wake ulianza kufunguka upande, vile ufungukavyo neno likiwa njiani. Nikapunguza kukuna ili nilisikie vizuri.

"Usifike kwenye kifuu, mwanangu," akasema. "Tui litachafuka."

"Naam, babu."