Udongo wa Fukayosi

Juzi niliona mchicha umeota kwenye ndoo barazani kwa mtu, nikaikumbuka safari yetu ndefu kutoka Fukayosi hadi Bagamoyo mjini. Njia nzima Bibi alipakata kiroba cha udongo wa shamba letu lililochukuliwa. Mimi nilidhani ni unga.

Tulipofika aliutia udongo ule kwenye makopo, nyuma ya chumba tulichopanga, akapanda mchicha. Alasiri moja niliumwagilia maji ya bahari.

“Bibi, mboga nimeshaitia chumvi!”

Aligusa udongo, akalamba kidole, akaketi chini.

“Mume wangu, umeniulia shamba.”

Nilicheka, nikidhani ni utani wetu wa kila siku.

Mwezi uleule mama alikuja kunichukua. Bibi alikuwa bado anausuuza udongo kwa maji ya kisima, kopo moja moja.

“Ukirudi utakuta umeota,” alisema.

Sikurudi.