Mtu Aliyeegemea Dirisha la Injini

Avril Relph alikuwa na umri wa miaka sita baba yake alipofariki, na karibu yote aliyoyakumbuka juu yake ni mgongo: mgongo mweupe wa mtu aliyeinamia beseni la jikoni akijisugua masizi, na shingo nyeusi juu yake kana kwamba amevaa skafu. Uso hakuukumbuka. Picha ya harusi ilikuwepo, lakini siku ile Wilf Relph aligeuka kucheka na mtu pembeni wakati kamera inabofywa, na bwana harusi akatoka na ukungu mahali pa uso. Picha nyingine zililowa na kuoza paa la nyumba yao ya Tebay, kijiji cha reli kaskazini mwa Uingereza, lilipovuja. Mama yake, Ivy, hakuolewa tena wala hakupenda kuulizwa.

"Alikuwa mchochea makaa wa treni, alikuwa mtu mzuri, baridi ya mwaka hamsini na saba ikamwingia mapafuni, akafa. Unataka nini zaidi?"

Basi Avril akakua bila kuuliza. Akapika katika shule moja ya Penrith mpaka nywele zikawa nyeupe, akaolewa, akaachika bila ugomvi mkubwa, akastaafu. Ndipo aliposikia kwamba chama cha wapenzi wa treni za mvuke pale mjini kimeachiwa maboksi ya picha na daktari mmoja wa mifugo. Marehemu alikuwa akizunguka milima ya Shap kutibu kondoo, na kila alipoisikia treni aliacha kondoo akakimbilia kamera. Alipiga picha maisha yake yote ya ujana, na nyuma ya picha hakuandika hata neno. Chama kilitafuta watu wa kusaidia kutambua ni wapi, ni injini ipi, ni mwaka gani. Avril hakumwambia mtu kwa nini anakwenda.

Walikutana kila Alhamisi katika chumba cha juu cha kanisa la Methodisti, wazee wameinama juu ya meza ndefu, kila mmoja na kioo chake cha kukuzia. Mwenyekiti alikuwa Ken Bowness, aliyekuwa na bucha sokoni, mtu wa sauti kubwa na mzaha.

"Karibu, Bi Avril. Unajua chochote kuhusu injini?"

"Najua kupikia watoto mia mbili viazi wasigombane."

"Basi umefika kwako. Hawa ni watoto hao hao, ila wana mvi."

Aliyemfundisha kazi alikuwa Desmond Tallentire, mpima ardhi mstaafu, mjane, mtu aliyesema kidogo na kufuta miwani mara kwa mara. Desmond alimwekea picha mbele na kuifunika injini kwa mkono wake.

"Hiyo iache kwanza. Tazama ukuta. Mawe ya wapi hayo? Tazama nguzo ya ishara, ni ya mti au ya chuma? Kivuli kimelala upande gani? Moshi umesimama wima hivi, maana yake inapanda mlima na inataabika. Ukishajua mahali, sasa itazame injini yenyewe." Akaondoa mkono. "Bomba la moshi, kuba la mvuke, nembo kwenye tangi la maji. Injini ilikuwa ikipelekwa karakana, inarudi na kitu kipya. Kwa hiyo injini ya mwaka huu si ile ya mwaka jana, hata kama namba ni moja."

Avril alijifunza upesi kuliko walivyotarajia. Lakini alipouliza, "Na huyu dirishani ni nani?" wazee walitazamana. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Nyinyi mnajua kila msumari," aliwaambia siku moja, "ila mwenye damu yake hamumwoni."

"Injini imeandikwa namba ubavuni, Avril," Ken alijibu. "Wangewapiga watu namba, tungewajua wote."

Walicheka. Avril naye alicheka, lakini aliendelea kukagua kila dirisha la kila injini ya Tebay iliyopita mikononi mwake.

Majira ya baridi ya pili ndipo picha ile ilipotoka boksini. Injini ya tangi, ile inayobeba maji yake ubavuni, ilikuwa nyuma ya treni ya mizigo, ikiisukuma kupanda Shap kama injini za Tebay zilivyokuwa zikifanya siku zote. Desmond alitambua mahali kabla ya kuvaa miwani vizuri: kibanda cha mbao cha mlinzi wa ishara, geti la njia ya mifugo. Scout Green. Namba ilisomeka mwanzo tu, mwisho umemezwa na mvuke. Na dirishani ameegemea kijana, kofia kaisukuma kisogoni, anacheka na mpiga picha.

Avril alikishika kioo kwa mikono miwili. Lile taya alilijua. Alilipaka poda kila asubuhi mbele ya kioo chake mwenyewe.

"Ni baba yangu," alisema. "Huyu ni baba yangu."

Ken alikuwa wa kwanza kuinuka, akamkumbatia, akasema chukua, chukua sasa hivi umpelekee mama. Avril alishavaa koti.

Ivy alikuwa katika nyumba ya kulelea wazee huko Kendal, amepita miaka tisini, jicho moja limebaki na mwanga. Aliisogeza picha mpaka karibu igusane na pua.

"Wilf," Ivy akasema. "Ulikuwa wapi wewe?"

Akalia, mwanamke ambaye binti yake hakuwahi kumwona akilia. Na kuanzia siku ile akafunguka. Alisimulia jinsi Wilf alivyomposa juu ya baiskeli, naye amekaa mbele kwenye chuma, wakaangukia mtaroni kabla hajajibu. Alisimulia kwamba Wilf alichukia samaki wa kukaushwa lakini aliwala kwa adabu kila Ijumaa kwa mama mkwe. Kwamba binti alipozaliwa, dereva wake alipiga honi kutoka stesheni mpaka juu mlimani, wakaonywa wote wawili. Avril alikwenda kila alipoweza, akakaa kitandani pa mama yake kama msichana, akisikiliza. Hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile.

Chama kikaamua kutoa kitabu cha picha za daktari, na Ken akataka ile iwe kwenye jalada, na chini yake jina: Wilfred Relph, mchochea makaa wa Tebay. Ivy aliahidiwa nakala ya kwanza.

Mwezi wa Aprili kurasa zikawa tayari kukaguliwa. Avril alikaa mbele ya kompyuta ya chama akaikuza picha ya jalada, atazame tena lile taya. Akaikuza zaidi. Jicho lilipochoka na uso likateleza kwenye ubavu wa injini, na pale mbele ya tangi, mahali ambapo kwenye picha ndogo palikuwa na doa tu, akaona kibao cheupe chenye alama ya radi nyekundu.

Desmond mwenyewe ndiye aliyemfundisha kibao kile. Nyaya za umeme zilipoanza kutandazwa juu ya reli za kusini, injini zote zilibandikwa radi hiyo, ili mtu asipande juu akaungua. Kabla ya mwaka sitini, au labda kidogo nyuma yake, hakuna injini iliyokuwa nayo. Wilf Relph alizikwa majira ya baridi ya hamsini na saba.

Avril akaita bila kugeuka, "Desmond, njoo uone kitu."

Desmond alikuwa kwenye sinki anaosha vikombe. Hakuja.

"Nimekiona," alisema.

"Lini?"

"Siku ile ile. Ulipokuwa unavaa koti."

"Na ukaniacha niende?"

"Ulikuwa unakimbia, Avril. Halafu ukarudi unatuambia mama yako anaongea, mama yako anacheka. Ningesema nini?"

"Ungesema kama ulivyomwambia Ken alipokosea kutambua daraja kwenye picha! Ulimsomea kasoro mbele ya watu wote, daraja la mawe tu. Mimi nilikaa kwenye meza hii kama mtu mzima mwenzenu. Kumbe nilikuwa mtoto wa kubembelezwa."

Desmond alifuta mikono kwenye suruali. "Ndiyo," alisema. "Nilikosea."

Ken, aliyekuwa anafunga maboksi, aliingilia kwa nia njema. "Jamani, kibao chenyewe hakizidi kucha. Tunakifuta kwenye kompyuta, kidole kimoja tu. Nani atajua? Bibi wa watu ana muda gani?"

"Hufuti kitu!" Desmond alifoka, na hakuna aliyewahi kumsikia akifoka.

Avril alimtazama kijana wa dirishani, anavyocheka. "Huyu naye ana watu wake," alisema. "Inawezekana wanamtafuta. Ondoeni jina la baba."

Lilikuwa jambo moja kuliondoa jina kitabuni, na jambo jingine kwenda Kendal. Alikwenda mara kadhaa akarudi hajasema. Ivy aliuliza kila mara, "Kitabu cha baba yako hakijafika?" Mwishowe Avril alishindwa kuvumilia, akamshika mkono akamwambia yote, polepole, kibao, miaka, nyaya.

Ivy alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe, Mama. Kile kibao..."

"Kibao! Mimi nimelala kitanda kimoja na mwanamume huyu mpaka kifo, wewe unaniletea kibao?" Akauchomoa mkono wake. "Ulikuwa na miaka sita. Humjui. Hukuwahi kumjua."

Akageukia ukutani. Picha hakuitoa, iliendelea kusimama kando ya kitanda, lakini hadithi zilikatika. Avril alipokuja aliulizwa hali ya barabara na bei ya mkate, kama mgeni. Aliwasikia wahudumu wakisema bibi anaongea na picha vizuri tu wakiwa wawili peke yao. Alijaribu kuomba radhi. Ivy akasema, "Kwa lipi? Si umesema kweli?" na hiyo ilimchoma kuliko kutukanwa.

Ivy alifariki Oktoba, usingizini. Mhudumu alimpa Avril vitu vyake, akauliza kama picha iwekwe jenezani, kwa maana bibi alikuwa ameishika. Avril akasema iwekwe. Akaendesha gari mpaka Penrith bila kuwasha redio, akijiambia angeweza kusubiri, ilikuwa miezi michache tu, kweli ingeharibika nini ikisubiri?

Kitabu kilipotoka, mama mmoja kutoka Lancaster alipiga simu chamani, halafu akaja mwenyewe, Alhamisi, na mjukuu wa kumwendeshea gari. Yule wa jalada alikuwa kaka yake, Gordon. Alianza kazi Tebay mwaka sitini na moja, akahamia Kanada injini za mvuke zilipokwisha, akafia huko. Mama yule aligusa jalada kwa kidole akalia.

Avril alimpa chai na keki ya tangawizi. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakuwahi kumtaja mtu anaitwa Relph?"

"Relph? Hapana, mpenzi. Sidhani."

Avril alimwandikia jina la Gordon nyuma ya nakala ya picha ile kwa penseli, akamsomea herufi moja moja ahakikishe. Halafu akateremka ngazi akasimama nje ya kanisa kwenye mvua nyembamba. Desmond alimfuata, akasimama mbali kidogo, hana mwavuli.

"Nimemuua mama yangu kwa huzuni," Avril alisema.

"Hapana. Lakini sitakwambia kwamba haikumwumiza."

Wiki zilizofuata hakuja. Simu za Ken hakuzipokea. Kuelekea Krismasi wakasikia hatua kwenye ngazi, Avril akaingia na theluji mabegani, hakumsalimu mtu. Alikaa pembeni ya Desmond.

"Ukiona kitu, unaniambia hapo hapo," alisema. "Hata kama nimevaa koti."

"Nitakwambia."

"Haya. Hii ni wapi?"

Desmond alifuta miwani, akainama juu ya picha. "Sijui bado," alisema. "Wewe unaonaje ukuta huo?"