Bu Prih Hakubali Jibu la Kwanza

Bu Prih, yaani Mama Prih, ni mkutubi wa Kitivo cha Famasia hapa mjini Solo, na kwa miaka ishirini na tisa wanafunzi wamemwogopa kuliko mitihani. Ni mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na ukifungua karanga rafu ya mwisho kabisa atakusikia. Famasia hajaisomea hata siku moja. Mama yake alikuwa muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, sokoni, na yeye aliajiriwa kupiga chapa kadi za vitabu. Kwa kuwa hakupenda kupiga chapa neno asilolielewa, alisoma kila kitabu kilichopita mezani kwake. Leo maprofesa wanakwenda kumuuliza, ingawa wao watakuambia walipita tu kumsalimu.

Kwake unavua viatu mlangoni, kisha unaandika swali lako kwenye kadi kwa mkono: mgonjwa ni nani, anatumia nini, tangu lini, na kipi kimebadilika. Bila kadi, kompyuta huigusi. Nilipokuwa mwaka wa pili alinirudishia kadi mara sita, nikaenda kulia chooni. Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Basi mwaka juzi, nikiwa tayari mfamasia wa wodi, mzee mmoja, Pak Wiryo, akaletwa hospitalini kwetu. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, sasa mstaafu, na moyoni ana vali ya bandia. Watu wa namna hiyo hutumia warfarini maisha yao yote ili damu isigande kwenye vali. Yeye alikuwa nayo mwaka wa tano bila matatizo. Sasa ghafla fizi zilikuwa zinavuja damu na mkojo umekuwa mwekundu. Tukaisimamisha warfarini. Siku ya tatu tukapima tena, na damu ilikuwa nyepesi kuliko siku aliyofika.

Daktari alikuna kichwa. Ukimpa vitamini K nyingi, damu itaganda na vali itaziba. Ukimpa kidogo na kinachomdhuru bado kinaendelea, atavuja mpaka afe.

"Nitafutie chanzo," akaniambia. "Kabla ya jioni."

Nikapanda pikipiki mpaka kitivoni, roho mkononi.

"Kadi iko wapi?" Bu Prih akauliza, hata salamu sijamaliza.

"Bu, mgonjwa anavuja damu!"

"Basi andika upesi."

Nikaandika. Akavaa miwani, akasoma, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa tatu. "'Hatumii dawa nyingine.' Nani kasema?"

"Mke wake. Nimemuuliza mara mbili."

"Umemuuliza dawa, binti. Marehemu mama yangu ungemuuliza kama anatumia dawa, angekula yamini hajawahi kumeza hata kidonge, na huku ameshakunywa jamu glasi tatu tangu alfajiri. Mpigie simu. Muulize anakunywa nini."

Uso uliniwaka. Mimi mwenyewe hunywa jamu kila asubuhi, yale maji ya mizizi tuliyolelewa nayo, na sijawahi kuyataja mbele ya daktari. Nikampigia Bu Lasmi, mke wa Pak Wiryo.

"Jamu?" akacheka. "Sasa jamu nayo ni dawa, dada? Si kinywaji tu? Mbok Sikem, yule mama mchuuzi, anapita na kikapu chake mgongoni kila asubuhi, tunakunywa manjano na ukwaju tangu tuoane, miaka thelathini sasa."

Manjano! Nikarukia kompyuta. Katika hifadhidata ya majarida nikapata taarifa ya mgonjwa wa warfarini ambaye damu yake ilikuwa nyepesi mno baada ya kutumia manjano. Nikamtumia daktari ujumbe, naye akajibu papo hapo kwamba huyo mchuuzi asikanyage tena kwa mgonjwa. Nikaanza kufunga mkoba.

"Unakwenda wapi?" Bu Prih akauliza.

"Nimepata jibu, Bu."

"Umepata jibu la kwanza. Keti."

Nikaketi, shingo upande.

"Manjano ya Sikem anayanywa tangu lini?"

"Tangu waoane. Miaka thelathini."

"Na warfarini mitano. Manjano ni yaleyale, warfarini ni ileile, damu imeharibika wiki hii. Na siku tatu yuko wodini, anazidi kuwa mbaya. Sikem huwa anawapitia wodini?"

"Hapana, Bu."

"Basi mwache mama wa watu auze manjano yake. Kuna kitu kipya, na kiko humo humo wodini. Huyo mzee anaumwa nini kingine?"

Nikakumbuka faili lake. Magoti. Nikampigia tena Bu Lasmi, simu ikaita mpaka ikakata.

Bu Prih hakungoja. Alitoa majalada ya orodha za mamlaka ya dawa, mwaka mmoja baada ya mwingine, za jamu za pakiti zilizokamatwa kwa kuchanganywa kwa siri na dawa za kiwandani. Akanipa nusu. Tulisoma tukiwa tumekaa sakafuni. Kwenye jamu za viungo na maumivu ya miguu jina moja lilikuwa likijirudia: fenilbutazoni, dawa kali ya kutuliza maumivu.

Nilitafuta fenilbutazoni pamoja na warfarini katika majarida ya miaka ya karibuni, nikatoka karibu mikono mitupu. Dawa hiyo watu waliachishwa zamani katika nchi nyingi, siku hizi hupewa farasi, kwa hiyo watafiti wapya hawana haja nayo.

"Wapya hawana haja nayo," Bu Prih akasema. "Wa zamani iliwaulia wagonjwa."

Akanipeleka kwenye rafu ya nyuma, kwenye vitabu vya mwingiliano wa dawa ambavyo mkuu wa maktaba alitaka viuzwe kwa kilo ili apate chumba cha mikutano. Bu Prih alimwambia vikiondoka naye anaondoka. Kitabu kilikuwa kikuukuu, kina harufu ya ukungu. Maneno yalikuwa wazi: hizi mbili zisitumiwe pamoja kamwe, mgonjwa atavuja damu. Nikataka kukimbia. Akanishika mkono, akanilazimisha nitafute na makala yenyewe ambayo kitabu kiliitegemea, nikaisoma yote, si muhtasari tu. Mle ndani vipimo vya damu vya wagonjwa vilipanda kama vya Pak Wiryo, damu ikizidi kuwa nyepesi. Ndipo akavaa viatu vyake.

"Twende. Mimi nabeba kitabu."

Tulipoingia wodini Bu Lasmi alikuwa kando ya kitanda, anakoroga glasi. Kiini cha yai, asali, na unga wa kahawia kutoka pakiti iliyochorwa mwanamume mwenye misuli. Pak Wiryo alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea. Bu Prih, mkutubi asiye na mamlaka yoyote pale, akaifikia kabla yake.

"Samahani, Pak. Hii hapana."

"Jamani, ni ya magoti tu!" Bu Lasmi akasema. "Jirani katuletea kutoka mjini, wiki mbili sasa. Inamsaidia sana."

Bila shaka ilimsaidia. Nilichukua pakiti nikaipeleka maabara, nikamweleza daktari. Kwa kuwa sasa chanzo kilikuwa kimezuiwa, akathubutu kumpa vitamini K kidogo tu na kusubiri. Bu Prih hakungoja nimrudishe kwa pikipiki, alirudi kazini kwa miguu, kwa maana maktaba alikuwa ameifunga saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake kipimo kilikuwa kimeshuka, damu haikuwa tena nyepesi vile. Maabara nayo ikajibu: fenilbutazoni. Nilikwenda kumpa Bu Lasmi habari njema, nikidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Siku ile alipoanza kutoka damu," akasema, "nilimwona amedhoofika. Nikaongeza. Nikawa nampa pakiti mbili."

Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye. Akanigeukia.

"Kwa nini hukuniuliza, dada?"

Nikamwambia niliuliza, mara mbili, na mara zote mbili yeye alinijibu ukweli. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya.