Kichujio Nyuma ya Mashine

Nimekasirika tangu jana, na simfichi mtu. Jirani yangu Vaileth, Mama Hanna, tunayepanga naye nyumba moja hapa Kimandolu, amejiondolea kazi kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa miaka kumi na mmoja alifua nguo kwa Mama Nelson kule Njiro, siku nne kwa wiki. Mgongo umeshaanza kupinda, lakini kazi hiyo ndiyo iliyomlea Hanna tangu baba yake afariki. Mwezi wa pili ikaletwa mashine ya kufulia, naye akaambiwa aje Jumamosi tu, kupiga pasi. Siku ile alikaa mlangoni mpaka giza likaingia, hata kilemba hakuvua.

Mvua za masika zilipokolea, mashine ikagoma kujaza maji. Ukiiwasha inanguruma kidogo, halafu kimya, na nguo zinatoka kavu kama zilivyoingia. Mama Nelson akampigia Vaileth simu: arudi siku zake nne, afue kwa mkono mpaka itengenezwe. Jioni hiyo nilimsikia akiimba jikoni.

Fundi Fanuel akaitwa. Akafungua koki mpaka mwisho, akatazama kama mpira wa maji umejikunja, akaufunga tena mlango wa mashine kwa nguvu.

"Valvu ya kuingizia maji imekufa, mama," akamwambia Mama Nelson. "Nyingine naagiza Dar. Kama mwezi hivi."

Vaileth alikuwa uani na beseni lake, akasikia. Aliniambia alifurahi, kisha akaona aibu kufurahia hasara ya mwenzake.

Jana alikuwa anapiga deki nyuma ya mashine, akaona mpira unavuja pale unapoungana nayo. Akafunga koki, akaufungua ili aukaze upya. Ndani ya tundu akakuta kichujio kidogo, hakizidi kidole gumba, kimeziba kwa tope jeusi. Tangi la maji la nyumba lilikuwa limeoshwa mvua zilipoanza, uchafu wote ukashukia bombani.

Angeweza kuurudisha mpira na kunyamaza. Mimi ningenyamaza, Mungu anisamehe. Lakini Vaileth amezaliwa juu Umeruni, mlimani, kwenye mifereji ya migombani. Kwao ukikuta majani yamezuia maji unainama unayatoa, hata kama zamu ya maji ni ya mtu msiyesalimiana naye. Mtoto akipita bila kuinama, anaitwa arudi.

Basi akakichomoa kichujio, akakisugua kwa mswaki wa zamani, akakirudisha, akafungua koki na kuwasha. Maji yakaingia kwa kelele.

Mama Nelson akatoka chumbani mbio. "Mama Hanna! Umeitengeneza wewe?"

"Ilikuwa uchafu tu, mama."

"Jamani, Mungu akubariki sana! Basi kesho usisumbuke kuja. Tuonane Jumamosi."

Wala hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Vaileth aliponisimulia jioni, nilimfokea. "Si ungepita tu?"

"Ningepitaje, dada, na maji yamesimama?"

"Na Hanna atakula hayo maji?"

Aliangalia mikono yake, akaifuta kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu.

"Lete nguo zako chafu nikufulie," akasema. "Kesho nina nafasi."

Zangu zote nilikuwa nimeshafua. Nikaingia ndani, nikayakunjakunja magauni mawili safi yaonekane yamevaliwa, nikampelekea.