Mjusi Aliyesubiri Kiangazi

Kama ulikulia kwenye maghorofa ya Dixon Road, huku ughaibuni, siku zile simu ilipokuwa moja tu, imetundikwa ukutani jikoni, na mkubwa akiongea wote mnanyamaza, basi haya ninayoyasema unayajua. Unakumbuka ndege zilivyokuwa zikishuka uwanjani, zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Unakumbuka zile korido: mlango huu wanakaanga sambusa, ule wamefukiza ubani, na kwetu kila Jumapili pilau la Mama, ambalo harufu yake Jumatatu tulikwenda nayo shuleni kwenye makoti. Mpira tulicheza kwenye maegesho ya magari mpaka vidole vikafa ganzi. Kombolela tulicheza kwenye ngazi za dharura, mlinzi akitufukuza chini tunaibukia juu. Watoto wa leo wanakaa majengo yaleyale na hawamjui aliyepanga mlango wa pili. Mtoto akitaka kucheza na mwenzake anamtumia ujumbe, na huyo mwenzake yuko chumba cha jirani.

Lakini starehe yetu hasa, mimi na kaka yangu Idi, ilikuwa duka la wanyama. Lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye safu ya maduka, limebanwa kati ya dobi na fundi viatu. Jumamosi za baridi Mama yuko zamu hotelini kule karibu na uwanja wa ndege, Baba yuko ghalani anapakia maboksi, na sisi tunavuka barabara kwenda kuota joto. Ukifungua mlango unapigwa na fukuto na harufu ya unga wa mbao na maji ya samaki. Mbele kulikuwa na kasuku na sungura. Nyuma kabisa, kwenye chumba chenye taa nyekundu, ndiko walikokaa wale wanaotambaa: kobe, nyoka, kenge wadogo, mijusi wa kila rangi. Muuzaji alikuwa kijana mrefu mwenye hereni kwenye unyusi. Hakutuuliza hata siku moja tunanunua nini. Siku ya kulisha nyoka alituita tukaone. Bustani ya wanyama ya kweli ilikuwa upande wa pili wa jiji, tulipelekwa mara moja na shule, mvua ikanyesha, simba akakataa kutoka.

Siku hizi watu wanabishana mitandaoni, wengine wanasema maduka yale ni jehanamu ya wanyama, wengine wanasema bila hayo mtoto wa ghorofani angemwona wapi mjusi. Ninasoma ubishi wao na sichangii. Mimi namfikiria Bibi.

Bibi alikuwa mama yake Baba. Aliletwa kutoka Muheza ili atulee wazazi wakiwa kazini. Alikuja na makanga yake, mbuzi ya kukunia nazi, na utani wake wote: Idi alimwita mume wangu, mimi mke mwenzangu, na kila asubuhi alitaka kujua mume wetu kalalaje. Majira ya joto alikuwa mzima, anakaa nje kwenye benchi anapunga mkono kwa kila mpita njia. Baridi ikiingia ananyamaza. Sisi shuleni, wazazi kazini, yeye na dirisha. "Nchi hii watu wanaishi kama waliokosana," alikuwa akisema. Alipomwambia Baba kwamba anataka kurudi kwao, jibu lilikuwa lilelile. "Kiangazi, Mama. Subiri kiangazi, nitakupeleka mwenyewe."

Basi mwaka ule Idi alileta ripoti nzuri ya shule, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na Baba kwa furaha akavuka barabara akarudi na sanduku la kioo. Ndani mlikuwa na mjusi wa manjano mwenye madoa kama chui, mnene wa mkia, na mdomo kama anayecheka. Yule kijana wa hereni alikuwa amempa Baba na vya kumfugia: mfuko wa mchanga mwekundu, kwa kuwa asili yake jangwani, jiwe la umeme la kumpasha tumbo, na nyenje hai kwenye kopo.

Bibi alivua ndala, akamgeukia Baba.

"Hamisi! Mjusi kafiri?"

Waliolelewa pwani hawahitaji maelezo. Tangu utotoni umeambiwa huyu ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu, na ukimwona darini unatafuta kitu cha kumpigia. Baba alijaribu kusema kwamba huyu ni wa aina nyingine, katokea bara la Asia.

"Kafiri wa Asia ndiyo nini? Kwetu wamejaa dari nzima, bure, na tunawafukuza. Wewe umemnunua! Na kitanda umemnunulia!"

Tulicheka mpaka Mama akaacha vyombo akaja kuona.

Idi alimpenda mjusi yule kwa muda uleule unaopendwa mchezo mpya wa kompyuta, kisha ukaja mchezo mpya wa kompyuta. Nyenje wakabaki kwenye kopo wanalia. Bibi, ambaye hawezi kuvumilia kiumbe kukaa na njaa nyumbani kwake, akaanza kuwatupa mle ndani mmoja mmoja, huku akimtukana mjusi kwa Kibondei cha kwao. Siku moja niliporudi shuleni nilimkuta amemtoa kwenye sanduku na kumbandika ukutani juu ya taa, akae panapokaa mijusi, ajitafutie. Mjusi akaanguka puu juu ya kochi. Bibi akambandika tena, akaanguka tena. Aina ile haina nyayo za kunata, lakini sisi tungejuaje? Bibi alicheka, na baridi yote ile nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo.

"Mjusi asiyejua ukuta! Masikini, na wewe wamekuleta tu."

Tangu hapo akamwita Jirani. Akimaliza kuswali Alfajiri anasogeza kiti kwenye kioo. "Umeamkaje, Jirani?" Mjusi yule, tofauti na wa kwetu, ana kope, basi anafumba macho polepole na kufumbua, na Bibi anaapa kwamba anaitikia. Akamsimulia habari za Muheza, michungwa yake na dada yake aliyemwachia nyumba, na jinsi mvua inavyopiga kwenye bati. Nikirudi shuleni namkuta anaongea, na mimi nafurahi kwamba anaongea. Baba aliacha kusikia habari za kurudi kwao. Nadhani alimshukuru yule kijana wa duka kimoyomoyo.

Halafu mkia ukaanza kukonda. Bibi ndiye aliyeona. Alituambia Jirani hali, na akila haendi haja, na ukimgusa tumbo ni gumu. Watu wazima wakasema labda ni baridi. Jumamosi akanivalisha koti, akamfunga Jirani ndani ya kanga akamweka tumboni chini ya koti lake, tukavuka barabara kwenye theluji, mimi mkalimani.

Yule kijana alimwangalia mjusi, akamgusa tumbo kwa kidole. Akaniambia huyu amekula mchanga pamoja na nyenje, umemziba. Inatokea sana. Akauliza kama tuna risiti, maana tukiwa nayo duka litatupa mwingine.

Nikamweleza Bibi. Alinitazama kama mimi ndiye niliyesema.

"Mwambie sikuja kuchukua mwingine. Muulize huyu atapona vipi."

Nilimuuliza. Akainua mabega.

"Muulize basi, kama mchanga unaua, kwa nini wanauuza?"

Hilo nililitafsiri vibaya, nina hakika, kwa kuwa nilikuwa mtoto na niliona aibu, ila maana ilifika. Kijana aliiva uso. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mwajiriwa tu, mafunzo yake yalikuwa karatasi moja waliyopewa, na karatasi imeandikwa mchanga. Bibi akatikisa kichwa. "Kiumbe cha Mungu kinabadilishwa kama kiatu kilichobana," akasema, na hilo sikulitafsiri. Tulipokuwa tunatoka kijana akatukimbilia mlangoni. Alituonea huruma kwelikweli, niliiona machoni pake. Akanipa zawadi, mfuko mwingine wa mchanga uleule.

Baba alipiga simu kwa daktari wa wanyama, akasikiliza bei, akashukuru, akakata. Akamwambia Bibi tuchukue tu mwingine, wanafanana, hata Idi hatajua. Bibi alimkandakanda Jirani tumbo kwa mafuta na maji ya uvuguvugu, akamlaza kifuani pake ndani ya kanga mchana kutwa, akiacha hata kupika. Jirani alifia humo. Nilirudi shuleni nikamkuta Bibi amekaa, kanga imefungwa.

Mama alitaka Jirani apite kwenye tundu la taka, lile la koridoni linaloshusha vitu mpaka chini. Bibi akasimama mlangoni. "Najua si maiti ya kuswaliwa. Lakini hatupwi na maganda." Baba akachukua mwiko wa fundi, akashuka naye nyuma ya jengo kumchimbia. Udongo ulikuwa umeganda kama saruji. Alipiga, alipiga, mwiko ukapinda, akapanda juu na kanga mkononi na kamasi zimeganda kwenye masharubu. "Ardhi haichimbiki, Mama. Tumweke mpaka ilainike." Akamweka kwenye friza, nyuma ya samaki.

Bibi aliifunga friza mwenyewe. Akasimama pale ameweka kiganja mlangoni.

"Huku hata kaburi lina msimu. Hamisi, mwanangu, mimi usije ukanisubirisha hivi."

"Kiangazi, Mama. Wallahi kiangazi nakupeleka."

Kifua kilimwanza Bibi wiki hizohizo. Hospitali walisema mapafu, wakampa mashine ya kumsaidia kupumua, naye akawa anauliza kama kule Muheza wameshaambiwa. Theluji ilikuwa bado inaanguka alipoondoka. Masheikh wakashauri azikwe haraka, kama inavyotakiwa, asisafirishwe, na wakubwa wakakubali. Makaburini walikuwa na mashine ya kuchimba, meno yake yakapasua ardhi ile iliyomshinda Baba. Niliusikia mlio wake kutoka kwenye gari, tulikoachwa sisi wanawake na watoto. Baba hakulia. Alisimama na koti lisilofungwa vifungo, akipokea mikono ya watu, akisema asante, asante.

Kiangazi kilipoingia, Mama alisafisha friza akakikuta kile kifurushi cha kanga. Alimpa Baba. Tukashuka naye mimi na Idi, nyuma ya jengo, penye ua wa waya. Majani yalikuwa yameota. Mwiko uliingia kama kwenye siagi. Baba alichimba kishimo kidogo kile, akamweka Jirani na kanga ya Bibi, akafukia. Kisha akakaa chini kwenye nyasi akalia kwa sauti, jitu zima, watu wanatuchungulia kutoka kwenye roshani. Idi alinishika mkono. Sikuwahi kumwona baba yangu hivyo na nisingependa kumwona tena.

Sasa duka lile halipo, pale wanatengeneza simu. Lilitupa Jirani, na mchanga wake ukamuua, na siku Bibi alipocheka ilikuwa kwa sababu ya duka lile. Nimeshindwa kulipangia upande. Binti yangu Salma hana shida hiyo, yeye anajua. Maduka ya wanyama, ananiambia kwa Kiingereza chake, ni machinjio yenye taa. Mjusi wake, wa madoa vilevile, kampata kwa mfugaji wa mtaa wa Agincourt ambaye alimhoji kama mtu aliyekwenda kuposa: una chumba gani, joto lako likoje, nia yako ni nini. Hakuna mchanga mle, kuna vigae. Joto linasomwa na mashine, chakula kinapakwa unga wa kalsiamu, na mjusi ana ukurasa wake mtandaoni wenye wafuasi wengi kuliko ukoo wetu mzima. Ni mzima, mkia kama kidole gumba. Salma anamwangalia kwenye kamera ya simu hata akiwa sebuleni. Sijamsikia akimuuliza ameamkaje. Enzi zetu tuliwaua kwa kutojua, na tuliongea nao tangu Alfajiri.

Baba naye siku hizi yuko kwenye nyumba ya wazee, North York. Chumba kizuri, joto halipandi wala halishuki, chakula kwa saa. Wahudumu wanamwita kwa jina lake la kwanza. Mambo mengi yamemtoka. Jumamosi iliyopita, kwenye baridi ile iliyokausha pua, Salma alisema anataka kumwonyesha Babu mjusi. Nilidhani atamweka kwenye boksi. Alimfunga kwenye skafu yake ya sufu akamtia tumboni, chini ya koti, akatembea ameinama kidogo kumkinga na upepo. Nilibaki nyuma yao kwenye maegesho nimeshika funguo.

Alimfungulia mapajani kwa Babu yake. Baba alimtazama sana mjusi, na mjusi akafumba macho polepole, akafumbua.

"Rukia," Baba akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi huu kulipata jina langu. "Ardhi imelainika?"

"Bado, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akamfunika mjusi kwa ncha ya skafu, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Basi mwambie Mama asubiri kidogo. Kiangazi nitampeleka."

Salma akaniuliza Babu kasema nini. Nikamwambia nitamweleza tukifika garini. Tulifika garini, nikawasha hita, nikaielekeza kwake na kwa mjusi wake, nikamwambia asubiri tufike nyumbani.